Mbata Ndani ya Glasi

Jambo lenyewe bado bichi, na mwandishi wa makala haya kila akilikumbuka masikio humpata moto. Katika sebule moja mjini Louisville, jimbo la Kentucky, mbele ya watu wazima waliofumba macho kwa heshima zote, aliulizwa anasikia harufu gani kwenye glasi yake. Wenzake walikwisha kujibu. Mmoja alisikia cheri zilizokaushwa. Wa pili, tandiko la farasi lililoachwa juani. Wa tatu, bwana mwenye ndevu zilizotunzwa kuliko bustani ya mwenyeji, alikaa kimya akisubiri wahyi, kisha akatamka: "Maktaba ya babu." Wote wakaitikia kwa vichwa. Zamu ikamfikia mwandishi, naye akasema anasikia mbata.

Kabla ya hapo mambo yalikwisha kumwendea kombo. Alipokabidhiwa ile glasi ndogo yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, aliizamisha pua yote kama mtu anayefunua sufuria ya pilau, akavuta. Bourbon iliyokuwamo, wiski ya Marekani, ilikuwa imepita asilimia 60 ya kilevi. Machozi yakamtiririka, pua ikaziba, akakohoa mpaka mbwa wa nyumba ile akahamia chumba kingine. Kwa hiyo neno "mbata" lilitoka kwa sauti ya mtu aliyetoka kulia msibani, na ikabidi alieleze: nazi iliyokomaa, ikapasuliwa, ikaanikwa juani hadi nyama yake ikajikunja na kuachana na kifuu, ikaanza kutoa mafuta. Harufu nzito, tamu, iliyo karibu kuvunda lakini haijavunda. Alieleza kwa mikono miwili. Mama mwenyeji, mpole wa watu, akaangalia kidaftari chake cha maonjo ya wageni, akamwuliza taratibu kama labda alikuwa amejipaka mafuta ya kuzuia jua.

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Kidaftarini, mbele ya jina la mwandishi, pakaandikwa "mafuta ya ufukweni". Maktaba ya babu iliandikwa ilivyo, tena ikachorewa nyota.

Mbata ile, hata hivyo, ilikuwamo.

Ili kinywaji kiitwe bourbon, sheria ya Marekani inadai mambo machache na haina mzaha nayo. Nafaka inayopikwa lazima angalau asilimia 51 yake iwe mahindi. Kinachotoka mtamboni kisizidi asilimia 80 ya kilevi, na kinapoingizwa kulala kisizidi asilimia 62.5. Chombo cha kulalia kiwe cha mwaloni, kipya, kilichochomwa ndani kwa moto. Kwa kawaida ni pipa la lita 200 hivi. Si lazima kinywaji kitoke Kentucky. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilitamka kwamba bourbon ni bidhaa ya taifa zima, ingawa Kentucky yenyewe haikubabaishwa na tamko hilo: mapipa yanayolala kwenye maghala yake ni mengi kuliko wakazi wa jimbo.

Pipa likitumika mara moja, kwa bourbon limekwisha kazi. Huuzwa, na mengi huvuka bahari kwenda Uskochi kuhifadhi wiski ya huko. Lakini hiyo mara moja ni ya maana sana, maana mtamboni kinywaji hutoka cheupe pe, hakina hata tone la rangi. Ile rangi ya asali inayowafanya watu wainue glasi kuelekea kwenye taa, pamoja na sehemu kubwa ya harufu, ni kazi ya mbao.

Fundi wa mapipa huwasha moto ndani ya pipa na kuuacha uule mwaloni. Ukiachwa karibu dakika nzima, uso wa mbao hupasuka magamba, na mafundi wenyewe huita kiwango hicho "mamba". Chini ya tabaka hilo la mkaa, sukari zilizofungwa ndani ya mti hufunguka na kuungua kidogo. Hapo ndipo unapopata utamu wa sukari guru. Ligini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mti, huvunjika ikazaa vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila yenyewe. Kisha majira ya joto ya Kentucky hukisukuma kinywaji kiingie kwenye vinyweleo vya mbao, majira ya baridi hukirudisha, mwaka hadi mwaka, kikitoka kila safari na mzigo.

Na ndani ya mzigo huo zimo laktoni za mwaloni. Mwaloni mweupe wa Marekani unazo kwa wingi kuliko ule wa Ulaya, na ukimwuliza mkemia zinanukaje, atakujibu bila kufumba macho: nazi. Ni ndugu wa karibu wa laktoni zinazoipa nazi yenyewe harufu yake. Mtoto wa pwani anayesikia mbata kwenye bourbon hajaota wala hajajipaka chochote. Ametaja kemikali kwa jina la nyumbani.

Karafuu nayo imo. Mwaloni una eujenoli, na eujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kiasi kwamba mtu wa Pemba akipita mlangoni mwa ghala la bourbon kule Bardstown, Kentucky, ana haki ya kuuliza nani kaanika. Ndizi mbivu? Hiyo huletwa na hamira wakati uji wa mahindi unapochacha. Hata ile harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo mgeni huiona na kuogopa kuisema, ni kitu halisi kiitwacho ethili asetati. Ikiwa kidogo hunukia tunda, ikizidi hunuka saluni.

Kuhusu kuungua, wapenzi wa bourbon wana jina lake: kumbatio la Kentucky, joto linaloshuka kifuani baada ya kumeza. Kisayansi, kilevi huchokoza kipokezi kilekile cha neva kinachochokozwa na pilipili. Mtu aliyelelewa kwa pilipili mbuzi hakumbatiwi hapo, anasalimiwa tu. Tatizo ni pua, ambayo haikufundishwa. Wenyeji huishika glasi chini kidogo ya pua, huachama mdomo ili mvuke mkali upite, na funda la kwanza huwa la kuuzoesha ulimi, hawalitolei hukumu. La pili hutafunwa. Ndiyo, hutafunwa. Mtindo huo ulienezwa na Booker Noe, mjukuu wa mtengenezaji bourbon Jim Beam, na mwandishi aliushuhudia kwa macho yake: sebule nzima ya watu wenye kazi za heshima wakitafuna kitu kisicho na nyama wala mfupa, mashavu yakienda, macho darini.

Pipa halitunzi kila kitu. Kila mwaka sehemu ya kinywaji huvukia na kupotea hewani, na watengenezaji huiita fungu la malaika. Jina zuri, ila halikuwashirikisha majirani. Mvuke huo hulisha kuvu mweusi, Baudoinia compniacensis, anayeota kwenye magome ya miti, paa, uzio na magari yaliyo karibu na maghala. Wapo wakazi wa Kentucky waliokwenda mahakamani kwa sababu yake. Malaika wanakunywa, majirani wanasugua kuta.

Kuna kisa kingine ambacho Mswahili hawezi kukiacha. Februari 2013 kampuni ya bourbon ya Maker's Mark ilitangaza kwamba wateja wamezidi na kinywaji hakitoshi, hivyo itakishusha kutoka asilimia 45 hadi 42. Kwa maneno mengine, wiski ilisifiwa, ikapendwa, ikagombaniwa, na mgema akalitia tembo maji. Kelele za wanywaji zilikuwa kubwa hata uamuzi ukafutwa ndani ya siku chache. Wangekuwa na bibi mmoja tu wa Kaloleni, kule Kilifi, kwenye bodi yao, wangeonywa mapema.

Turudi kwenye suala la nani anaaminiwa. Mwaka 2001 watafiti akiwamo Frédéric Brochet wa Chuo Kikuu cha Bordeaux walichapisha jaribio ambalo kila muonjaji angependa lisahaulike. Waliwapa wanafunzi 54 wa somo la mvinyo glasi mbili, moja ya mvinyo mweupe na moja ya mwekundu. Baadaye wakawapa mvinyo uleule mweupe, na uleule tena ukiwa umetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Kwenye glasi ya mvinyo uliotiwa rangi, wanafunzi waliandika maneno ya mvinyo mwekundu. Pua zilikuwa nzima. Macho ndiyo yaliyoziamrisha cha kusikia.

Mtu angedhani jaribio kama hilo lingewafundisha waonjaji unyenyekevu wa kugawana. Haikuwa hivyo. Tandiko la farasi linaruhusiwa kwa sababu mwenye kidaftari amewahi kumpanda farasi. Maktaba ya babu inaruhusiwa ingawa hakuna aliyeuliza babu alikuwa na vitabu gani, au kama alikuwa na vitabu. Kumbukumbu zao ni elimu. Kumbukumbu ya mtu aliyekulia chini ya mnazi ni kichekesho cha jioni.

Tena si jambo geni katika biashara hii. Kule Lynchburg, jimbo jirani la Tennessee, kijana Jack Daniel alifundishwa kupika wiski na Nathan Green, maarufu kama Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Jina la mwanafunzi limeenea duniani kwenye chupa za pembe nne. Jina la mwalimu lilibaki kwenye simulizi za wenyeji, na lilianza kutajwa kwa sauti mwaka 2016, miaka 150 na zaidi baada ya somo lenyewe. Pua na ulimi vilivyojua wakati wa kukata moto vilikuwa vyake.

Na nyumbani je? Kile kinywaji cheupe kinachotoka mtamboni kabla ya kuona pipa, nafaka na moto tu, watu wa Kentucky hukiita "mbwa mweupe". Wageni wa viwandani humiminiwa tone viganjani, wakasugua, wakanusa, wakasema "aa, mahindi mabichi!" Ukikipenda, kipo dukani, ndani ya chupa nzuri. Kitu cha ukoo huohuo Tanzania ni gongo, na anayekinusa kwa makini zaidi ni askari. Kenya nako chang'aa, ndugu wa gongo, ilikuwa marufuku mpaka 2010.

Ni kweli, pombe ya vichochoroni imeua watu na kuwapofusha wengine, na hapo hakuna mzaha. Lakini wiski ya Marekani nayo ilikuwa na uchafu wake. Sheria ya mwaka 1897, ile ya kuifungia chupani chini ya usimamizi wa serikali, ilikuja kwa sababu walanguzi walikuwa wakiitia pombe mbichi rangi kwa tumbaku na kuiuza kama wiski iliyokomaa. Iliwekewa masharti: kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka minne ghalani, asilimia 50 kamili. Baada ya masharti ikapata muhuri, baada ya muhuri ikapata bei, na wenye bei ndio wakaanza kusikia maktaba. Mpishi wa chang'aa wa Mathare, Nairobi, hajafikishwa hata kwenye muhuri, kisha anachekwa kwamba kinywaji chake hakina staha.

Wala isidhaniwe kwamba waonjaji hatunao. Nenda mangweni Kilifi, kunakonywewa tembo la mnazi, ukakae na wazee. Mzee huupokea mnazi, hunywa funda moja, hutema kimdudu kilichozama, halafu hukuambia kama umegemwa alfajiri ya leo au jioni ya jana, kama chombo kilioshwa, na kama mgema ameonja dhambi ya maji. Alfajiri ya leo na jioni ya jana ni vinywaji viwili: kimoja bado kitamu cha kunywewa na bi harusi, kingine kinaelekea siki. Mzee huyo hajawahi kumpa mnazi alama 92 kwa 100. Akiukubali anaomba mwingine.

Misiba mingine ya mwandishi katika uwanja huu haihitaji nafasi kubwa. Kwenye onjo la chai Mombasa, palipo na mnada mkubwa wa chai ya Afrika Mashariki, wenzake walifyonza kwa kishindo na kutema. Yeye kwa adabu alizofundishwa alimeza kimyakimya kila kikombe, na usiku ule hakulala.

Kwenye kahawa aliambiwa kahawa bora ya Nyeri ina ladha ya blakkaranti, tunda ambalo wakulima wengi waliolima kahawa hiyo wamelijua kupitia chupa ya Ribena.

Kwenye mvinyo alitema ndani ya mtungi wa maji ya kunywa.

Mwisho alipewa bia ya Ubelgiji, ile inayochachushwa kwa hamira pori za hewani na kulazwa kwenye mapipa. Akanusa kwa mbali, mdomo wazi, kama alivyojifunza, akasema inanuka zizi la mbuzi. Meza nzima ikanyamaza. Kisha mmoja wao akamwekea mkono begani na kumsahihisha kwa upole: farasi.