Gesi Imeisha, Bosi

Mafundi wa AC hapa Dar es Salaam wana sentensi moja wanayofundishwa kabla hata ya kushika bisibisi: "Gesi imeisha, bosi." AC ikitoa upepo wa uvuguvugu, gesi imeisha. Ikidondosha maji kwenye godoro, gesi imeisha. Naamini ukimwita fundi aje aangalie mlango usiofunga, atatoa geji kwanza. Na gesi ya AC si ya jikoni, haipungui kwa kutumika. Inazunguka humo humo ndani ya bomba, inakwenda inarudi. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja. Ila kutafuta panapovuja ni kazi ya kutwa nzima, na kujaza ni kazi ya dakika chache inayolipa kila kaskazi ikirudi.

Yangu ilijazwa mpaka yenyewe ikachoka kujazwa. Nakaa Kigamboni, jirani na bahari, na wageni huniambia nina bahati ya upepo. Hawajaona ile chumvi inavyochapa kazi. Fundi alipofungua kasha la nje, mapezi ya alumini yalimong'onyoka vidoleni mwake kama bagia za juzi. Kwenye bodi alikuwepo mjusi aliyekaukia pale pale, mkia kwenye waya mmoja, kichwa kwenye mwingine.

"Hii ni ya R22, bosi," fundi akasema. "Ya kizamani. Tubadilishe tu."

Kinachouma ni kwamba safari hii alikuwa anasema kweli. R22 inaharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 inazitaka nchi kama zetu ziwe zimeiondoa karibu yote ifikapo 2030. Mimi na ozoni hatujawahi kukosana. Naitakia afya njema. Sikutegemea tu kwamba bili ya matibabu yake ingeletwa Kigamboni. AC mpya zinatumia R32 au R410A, gesi zenye presha kubwa zaidi na mafuta ya aina nyingine. Huwezi kuzimimina kwenye mashine ya R22 ukategemea usalama.

Basi nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani akaniuliza chumba kina ukubwa gani, akapiga hesabu kichwani, akasema BTU 12,000, inveta. Kipimo hicho, kwa taarifa yako, ni sawa na ubaridi wa kuyeyusha barafu ya kilo 900 hivi kwa siku nzima. Kilo 900 za barafu, ili watu watatu wapate usingizi! Bei: milioni moja na laki mbili. Nikaomba punguzo, nikapewa kalenda.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe hicho kilikuwa kiingilio tu, mchezo wenyewe bado. Bomba la shaba la kwenye boksi lilikuwa fupi kuliko ukuta wangu, na la kuongezea linauzwa kwa mita, kwa bei inayofanya uangalie upya mikufu ya mkeo. La zamani? Halifai, lina mafuta ya gesi ile nyingine. Breketi za kushikilia kasha la nje, mbali. Waya mnene zaidi, mbali. Breka, mbali. Kifaa cha kuikinga mashine umeme ukipanda na kushuka, "hicho usikikwepe, bosi, mimi nakushauri kama mzee wangu." Halafu ufundi, halafu nauli ya fundi, halafu soda ya msaidizi wa fundi, ambaye kazi yake yote ilikuwa kushika ngazi isiyotikisika.

Na ile mashine ya zamani? "Usihangaike kuitupa, mzee, nitakusaidia kuiondoa." Aliisaidia sana. Aliifunga kwenye bodaboda kwa mipira, kwa upole ambao hakuuonyesha alipokuwa akitoboa ukuta wangu. Ndani yake mna shaba, na wanunuzi wa chuma chakavu wanaipima kwa kilo.

Sijagusa LUKU. Nilikuwa naiwinda ile bei ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Nje ya hapo, uniti ile ile inakaribia mara tatu. Nimemwambia Mama Neema tuweke nyuzi 26, inveta ikishapoza chumba inapunguza mwendo, umeme hauendi sana. Akaniambia, "Baba Neema, milioni na nusu zote hizo ili tusikie nyuzi 26? Si ungefungua dirisha?"

Rimoti anayo Neema. Ameiweka 16, amejifunika gubigubi blanketi la manyoya. Blanketi ni jipya. Limenunuliwa Jumamosi kwa hela yangu, kwa sababu, naambiwa, chumba siku hizi kina baridi.