Beseni Halijawahi Kuziba Paa

Ukitaka kujua nyumba imeanza kuvuja lini, usiwaulize wenyewe, angalia beseni. Nyumba iliyoanza kuvuja juzi, beseni linatafutwa saa nane usiku kwa tochi ya simu, watu wanapigana vikumbo ukumbini, mtoto analia, mama anauliza nani kalichukua sufuria kubwa. Nyumba inayovuja mwaka wa tatu, haamki mtu. Beseni liko mahali pake tangu masika ya mwaka juzi, ndani limewekwa tambara ili tone lisipige kelele, na kitanda kimesogezwa hatua mbili kuelekea kabatini. Watoto wa nyumba hiyo wanaliruka beseni gizani bila kulitazama.

Hao wenye beseni lenye tambara ndio ninaowaandikia. Nawacheka waziwazi, tena kwa upendo, kwa kuwa nimelala kwenye nyumba zao na najua godoro la sufi lililolowa linavyonuka siku ya tatu. Nyumba nyingi ninazozijua hazikushindwa na mvua, zilishindwa na beseni. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, na kwa pakacha walisema kweli. Paa likivuja hapungukiwi mzigo mtu yeyote: mbao zinaoza, dari inashuka, vyeti vya shule vilivyofichwa juu ya kabati vinaota ukungu.

Tuanze na usiku wenyewe. Kila mtaa una baba mmoja ambaye, ngurumo zikipiga, anavaa mfuko wa plastiki kichwani na kutafuta ngazi. Baba huyo, shuka. Bati lililolowa linateleza kama sabuni, na kandambili haijawahi kumshika mtu juu yake. Usiku wa mvua kazi yako iko ndani. Maji yakidondoka karibu na taa au feni, zima swichi kuu kwanza, beseni baadaye. Silingi bodi ikianza kuota tumbo, weka ndoo chini yake, simama pembeni, kisha litoboe kwa msumari pale liliponing'inia zaidi ili maji yashuke kwa mkondo mmoja. Najua inauma kuitoboa dari yako kwa mkono wako. Lakini tundu la msumari linazibika, na bodi nzima ikikatika itaangukia kitanda.

Maji yakiisha kudondoka, chukua penseli au kipande cha mkaa, uweke alama pale tone lilipotokea, na uandike tarehe. Alama hiyo ndiyo itakayokushitaki jua likiwaka, kwa sababu ugonjwa mkubwa wa mapaa yetu ni usahaulifu. Bati likikauka, na kumbukumbu ya mwenye nyumba inakauka nalo. Juni ikiingia anaulizwa, "Vipi lile paa?" naye anajibu, "Lilishaacha." Limeacha nini, ndugu yangu? Mvua ndiyo iliyoacha. Sisi wa pwani hatuviziwi na mvua: masika yanakuja Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na kati yake tunapewa miezi mizima ya kupanda juu tukiwa wakavu. Mwezi wa Aprili fundi wa mapaa anapigiwa simu na mtaa mzima, anapita na pikipiki bila kusimama. Julai huyohuyo yuko kijiweni na kikombe cha kahawa, ana nafasi ya kukaa juu ya paa lako asubuhi nzima na kuliangalia msumari kwa msumari. Mfuate Julai.

Kutafuta tundu ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kosa la karibu kila mtu ni kupanda na kuziba palepale juu ya tone. Maji hayana haraka hiyo. Yakishapenya bati yanashika papi, yanatambaa juu ya ubao, yanahamia kwenye kenchi, yanafuata mteremko wake hadi yakutane na msumari au kifundo cha mti, ndipo yanadondoka. Kwa hiyo tundu lenyewe mara nyingi liko juu zaidi ya tone kwa kufuata mteremko wa paa, pengine mita mbili au tatu. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu, nilikuwa kwa mama, Mbagala. Tone lilikuwa likidondoka chini ya dirisha, mahali pa kitanda chake, na kwa miaka minne kitanda hicho kilikuwa kimekimbilia katikati ya chumba. Mafundi wawili walishapaka lami juu ya dirisha lile, tabaka juu ya tabaka, hadi bati likawa na kigaga. Mvua zilipokatika, tulimpandisha mpwa wangu darini saa sita mchana, taa zote zimezimwa, akikanyaga mbao tu na kuiepuka bodi. Alikaa kimya kidogo, macho yazoee giza. Kisha tukamsikia: "Bibi, naiona nyota!" Nyota yenyewe ilikuwa juu ya korido, mbali kabisa na dirisha: tundu la msumari mmoja.

Basi fanyeni hivyohivyo. Jua la utosi, giza darini, na mtoto mwenye macho makali na akili ya kukanyaga mbao. Tundu lisipoonekana kwa mwanga, tafuteni kwa maji: mmoja juu na mpira wa bustani, mwingine darini na tochi. Anzeni kumwagia chini, karibu na ukingo wa paa, mkae hapo dakika kadhaa, ndipo mpande kidogokidogo. Ukianzia juu, maji yatashuka na kupita kwenye kila tundu, nawe hutajua lipi limekusaliti.

Sasa msumari. Mikunjo ya bati ilipata hataza London mwaka 1829, ikiwa kazi ya mhandisi Henry Robinson Palmer, na kinacholipa bati jembamba nguvu ya kujibeba ni mikunjo hiyohiyo. Mkunjo una mgongo na una bonde. Bonde ni njia ya maji, msumari unapigwa mgongoni. Msumari wa mama ulikuwa bondeni, umepigwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kushuka, na kwa miaka yote hiyo kila mvua ilikuwa ikipita juu yake.

Hata uliopigwa mgongoni una safari yake. Toka ubaridi wa alfajiri hadi jua la mchana wa Februari, joto la bati linaweza kupanda kwa nyuzi 40, na bati la mita tatu likipata joto hilo linarefuka karibu milimita moja na nusu. Jioni linarudi. Kesho tena. Msumari umeng'ang'ania ubao, bati linakwenda na kurudi, na tundu linapanuka siku hadi siku mpaka kofia ya msumari haiwezi tena kulifunika. Ile milio unayoisikia juani, ka! ka! ka!, ambayo mtaani tunawasingizia paka, ni bati linanyooka. Kwa hiyo kuugongomea msumari uleule kwenye tundu lilelile ni kupoteza nyundo. Ung'oe, weka skrubu nene zaidi yenye kofia na mpira chini yake, na ikaze mpaka mpira ubonyee, usiukamue. Mpira umekosekana dukani, kata kipande cha tyubu ya baiskeli. Nimeona vipande hivyo vikishika miaka.

Lami nayo ina adabu zake. Ukiipaka juu ya kutu, vumbi na majani makavu, umeyapaka majani. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha, acha pakauke kabisa, paka tabaka la kwanza, tandika kitambaa juu yake, kisha tabaka la pili. Bati likiwa limeliwa na kutu hadi unalitoboa kwa kidole, hakuna lami ya kulifufua. Nunua jipya, na dukani kumbuka kwamba namba ya geji inakwenda kinyumenyume: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Wanaochagua namba kubwa wakidhani wamepata unene, nawaonea huruma kwa dhati.

Mawe na matairi juu ya paa, yashusheni leo. Upepo ukilegeza bati, dawa yake ni skrubu. Tairi linahifadhi maji, maji yanaleta kutu chini na mbu juu, na mbu wa dengi anapenda tairi lenye maji kuliko anavyopenda kisima.

Kuna hizi nyumba za paa la kuficha. Hapa sitapunguza sauti. Kwa miaka kadhaa sasa kila kiwanja kipya Dar es Salaam na Dodoma kinataka ukuta mrefu kuzunguka paa, bati lisionekane kutoka barabarani, nyumba iwe kama boksi. Inapendeza kwenye picha. Lakini paa la kawaida linatupa maji nje ya nyumba, na hili linayakusanya ndani ya kuta, kwenye mfereji mwembamba wenye bomba moja au mawili ya kuyatoa. Pigeni hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba likipata mvua ya milimita 50, lita 4,000 zinapiga foleni kwenye mabomba yako mawili, na moja kati yake limezibwa na majani ya mwembe na mpira wa makaratasi wa watoto wa jirani. Yatapita wapi? Yatarudi chini ya bati na kushuka sebuleni, juu ya televisheni. Kama umeshajenga hivyo, panda kila mwisho wa mwezi uzoe majani, ongeza bomba, na utoboe tundu la akiba ukutani, chini kidogo ya ukingo wa bati, ili mfereji ukijaa maji yamwagike nje. Kama hujajenga, nakusihi, acha bati lionekane. Bati si aibu.

Fundi mheshimu, na upande naye. Akikuambia kutoka chini, "Bosi, hapa ni kubadilisha bati zote," mjibu kwa upole, "Sawa fundi, twende juu unionyeshe." Wengi ni watu wa kweli, wakiona unataka kujua wanafurahi kukufundisha. Kubalianeni kabisa kwamba malipo ya mwisho yanatoka baada ya kumwagia maji, yeye mwenyewe akiwa darini na tochi.

Na wewe mpangaji, unayeonyeshwa chumba na dalali jua linawaka, inua macho kabla hujatoa kodi ya miezi sita. Duara la rangi ya chai darini ni tone la zamani. Duara la rangi nyeupe mpya katikati ya dari iliyofifia ni tone lilelile, limevalishwa nguo.

Kwa mama tuling'oa msumari ule, tukaziba bonde kwa kitambaa na lami, tukapiga skrubu mgongoni. Kazi ya saa moja, baada ya miaka minne. Vuli ilipofika, mvua ya kwanza ilinyesha usiku, nami nikampigia simu asubuhi kuuliza. Alisema hakuisikia. Kitanda kimerudi chini ya dirisha, na beseni analo uani, ameloweka mbaazi.