Semina Isiyo na Posho

Dada yangu, shikamoo.

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Mjomba, na kwa majirani wote wa Ngamiani wanaokuja barazani kila barua yangu inaposomwa, hata isipowahusu. Sisi huku Leicester hatujambo, tunalalamikia baridi tu. Ama baada ya salamu, napenda kuwajulisha kwamba nimehudhuria semina ya uongozi kwa wamiliki wa biashara. Najua Mama ameshaweka kikombe chini na anauliza: posho ilikuwa kiasi gani?

Mama, hakuna posho. Huku anayehudhuria ndiye anayelipa. Niliisoma ile karatasi ya mwaliko mbele na nyuma nikitafuta palipoandikwa nauli na bahasha, nikaona nafasi ya kujaza namba ya kadi yangu ya benki. Pauni 195 kwa siku moja, chakula cha mchana kikiwemo. Chakula chenyewe ni mkate uliokatwa pembetatu, ndani umewekwa tango. Tango tupu, Dada. Huko kwetu washiriki wangeahirisha mada ya mchana na kuunda kamati ya kufuatilia pilau.

Aliyenituma huko ni mhasibu wangu. Kampuni mnaijua: tunasafisha maofisi usiku, tuna gari moja, mashine mbili za kusugua sakafu na wafanyakazi wanne, mmoja wao mtoto wa Mjomba. Mhasibu anasema mmiliki ambaye bado anashika dekio hana kampuni, ana kibarua chenye makaratasi mengi. Dawa yake, anasema, ni kujifunza kukasimu madaraka.

Basi nikavaa ile suti ya harusi yako, nikaenda hadi hoteli moja kando ya barabara kuu ya M1. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye meno meupe sana, kipaza sauti kimebandikwa shavuni, ingawa tulikuwa watu thelathini hivi na angeweza kunong'ona tukamsikia. Tukapewa vibandiko vya majina. Mzee wa Kihindi aliyekaa kando yangu akasoma langu, akanitazama usoni, akaniinamia: "Wewe ya wapi? Tanga? Mimi ya Kampala."

Dada, nilipata ndugu.

Zoezi la kwanza lilikuwa la kuzoeana. Kila mtu aseme mambo matatu juu yake, mawili ya kweli na moja la uongo, wenzake wakisie uongo ni upi. Mwenye saluni alisema amewahi kuogelea na pomboo. Mimi nilisema nimezaliwa karibu na bahari. Ikafika zamu ya Mzee. Akasimama, akafunga kifungo cha koti. La kwanza: Rais alimpa siku 90 awe ametoka Uganda. La pili: Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la kule Kampala kumsihi asije huku. La tatu: anapenda baridi.

Ukumbi mzima ulichagua la pili. Halmashauri gani inaweza kufanya jambo kama hilo? Mzee akatulia kidogo, akasema yeye baridi haipendi hata kidogo.

Na lile tangazo ni la kweli kabisa. Rais Amin alitangaza kuwafukuza Waasia Agosti 1972, na mwezi uliofuata Leicester ikaweka tangazo katika Uganda Argus kuwaambia, kwa manufaa yao wenyewe, wasije huku kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Mzee anasema kabla ya siku hiyo hakuwahi kusikia jina Leicester. "Tangazo ndiyo ilinionyesha njia." Maelfu walikuja vilevile. Leo sherehe za Diwali za barabara ya Belgrave hutajwa miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India, na halmashauri ileile huzijivunia. Baadaye, katika kipindi cha masoko, mwezeshaji alitaka mfano wa tangazo lililoleta wateja kuliko mwenyewe alivyotarajia. Watu wote walimgeukia Mzee.

Kisha tukapimwa tabia. Unajaza maswali, unatoka na rangi: nyekundu ni mwamrishaji, njano mchangamfu, kijani mtulivu, buluu mtu wa hesabu na taratibu. Mimi nilitoka kijani. Wakati wa chai nikachungulia kwenye simu asili ya mambo haya, nikakuta nadharia ilitoka kwa mwanasaikolojia wa Kimarekani, William Moulton Marston, katika kitabu chake cha 1928. Ndiye huyohuyo aliyebuni Wonder Woman mwaka 1941, yule mwanamke wa katuni mwenye kamba ya kuwafanya watu waseme kweli. Mwezeshaji hakulitaja hilo, na kwa pauni 195 ningependa alitaje. Mzee yeye alikataa kuwa na rangi moja. Alisema kwa anayemdai yeye ni kijani, kwa anayedaiwa na yeye ni nyekundu, na wakaguzi wa kodi wakija huwa buluu mpaka waondoke.

Tukajenga mnara wa tambi. Usicheke. Unapewa tambi 20 zisizopikwa, utepe na uzi, na dakika 18. Mnara ukisimama, unaweka juu yake peremende laini nyeupe iitwayo mashmelo. Tom Wujec, aliyelieneza zoezi hili, alionyesha kwamba watoto wa chekechea huwashinda wahitimu wapya wa vyuo vya biashara, kwa sababu watoto hujaribu tangu mwanzo wakati wasomi wanagombania nani awe mkuu. Kundi letu halikugombana. Mzee aliuliza tu ile peremende imetengenezwa kwa nini, mwenye saluni akageuza pakiti akasoma: jelatini ya nguruwe. Mimi nikarudisha mkono mfukoni. Mzee, ambaye hali nyama ya mnyama yeyote, akasogeza na kiti. Mwenye saluni akamalizia peke yake, na mwezeshaji akatusifu kwa kukasimu madaraka.

Dada, kuanzia hapa soma kimoyomoyo. Mjomba asisikie.

Baada ya lile tango tulifundishwa kutoa mrejesho. Maana yake ni kumwambia mtu kosa lake usoni, ila kwa mpango: unatanguliza sifa, unaweka kosa katikati, unafunika kwa sifa nyingine. Tuliambiwa tumchague mfanyakazi halisi, mwenzako aigize kuwa ndiye, na muda ni dakika tatu. Nikamchagua mtoto wa Mjomba. Kazi ikianza saa mbili usiku, yeye hufika saa tatu kasorobo, na husema basi limechelewa, ilhali anakaa mtaa wa nyuma ya ofisi tunayosafisha.

Mzee akawa mtoto wa Mjomba. Nikaanza: hujambo? Hajambo. Nyumbani? Salama. Mkeo? Watoto? Akajibu moja moja, tena kwa adabu kuliko mwenye nafasi yake, kisha akaniuliza za Tanga. Nikasema wote wazima ila Mjomba anasumbuliwa na goti. Akaacha kuigiza. Akataka kujua maumivu ni ya asubuhi au ya usiku. Nilikuwa namweleza habari za usiku kengele ikalia.

Mwezeshaji akaja kuuliza kama tumefika kwenye kosa. Nikamwambia bado tulikuwa kwenye salamu. Akashauri niingie moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, akatuongeza dakika. Nikakaza moyo nikasema: unachelewa kazini. Mzee akashika kifua. "Hii iko neno ya kuambia mtoto ya mjomba yako? Mama yako iko najua?" Nikamwomba radhi palepale, na mwezeshaji akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Nilijaribu kumfafanulia kwamba kwetu neno kama hilo hupelekwa na mtu wa tatu, mtu mzima, baada ya chakula. Akasema huko ni kukwepa mgogoro. Nikamwambia ndiyo, faida yake ni hiyo.

Kipindi cha mwisho kilihusu kumwachia mwingine biashara: mmiliki mzee atajuaje wakati umefika, amwandae nani, akabidhi funguo lini. Hapo Mzee alinyamaza, akawa anakunja na kukunjua karatasi ya ratiba. Mwishowe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tiketi ya semina alinunuliwa na mwanawe, naye Mzee akadhani ni zawadi ya siku ya kuzaliwa. Sasa ameielewa ile zawadi.

Mwezeshaji akauliza kama kuna swali. Mzee akanyoosha mkono: je, mwalimu naye ana duka? Kijana akacheka, akasema hana duka, biashara yake ni mafunzo. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyepata chenji kamili. "Sawa. Basi duka yako ni sisi." Kwa Kiingereza alilisema vizuri zaidi, na wamiliki wa biashara walipiga makofi ambayo hawakuwahi kuyapiga tangu asubuhi.

Tumebadilishana namba. Jumapili naenda kwake kula dengu, na mwanawe atakuwepo. Mzee ananiomba nimwambie kijana neno moja kuhusu subira, kwa kuwa mimi ni mtu wa tatu.

Sasa Dada, inua sauti, Mjomba asikie. Mwambie mwanawe hajambo, anaswali, na anasugua sakafu mpaka mimi mwenyewe naona haya kuikanyaga. Mwambie pia, kwa maneno yako na baada ya chai, kwamba saa mbili ya huku hufika saa mbili. Halafu umalizie na hili: mteja mmoja ameniandikia kumsifu kijana wetu, akasema ofisi haijawahi kunukia vile. Na umuulize goti ni la kulia au la kushoto, maana Mzee wa Kampala ana mafuta yake na hataki kuyatuma bila kujua.

Mdogo wako,
Leicester