Namna ya Kubaki Ndani ya Seva Ukiwa Kalundu

Jua likishajificha nyuma ya milima ya Mitumba na ndagala zikaanza kunukia huko nje, usihangaike kutafuta pa kutokea. Juu ya dirisha la seva kuna alama ya X. Bonyeza, chukua mfuko wako, panda pikipiki uende zako Kalundu, hapa Uvira. Dirisha limefungwa, lakini wewe bado umo. Kule Kinshasa, seva iliko, faili lako la Excel liko wazi kama ulivyoliacha, programu ya hesabu inaendelea kula kumbukumbu ya mashine, na jina lako limo kwenye orodha ya walioingia. Ni sawa na kuacha kitenge juu ya kiti cha basi la Bukavu, kisha ukaenda kulala nyumbani.

Bahati yako ni kwamba Windows Server, isipopewa amri, haimfukuzi mtu. Kikao kilichokatika kinaweza kukaa siku, hata wiki, mpaka mashine iwashwe upya. Na kama biro yenu haikununua leseni za watu wengi, seva inapokea wawili tu kwa wakati mmoja, tena kwa kazi ya usimamizi. Mkipatikana wawili wenye tabia hii, wengine wote wamefungiwa nje. Wa tatu atakupigia. Usipokee. Kesho mwambie, "Samahani shefu, simu ilishika mtandao wa Burundi." Kwa anayekaa karibu na mpaka wa Kavimvira, hakuna wa kubisha.

Fundi akianza kulalamika, mtajie delestaji. Hapo, kusema kweli, una haki. Umeme ukikatika katikati ya ripoti, kikao kilichobaki hai ndicho kinachookoa kazi: jenereta ikiwaka na mtandao ukirudi, unaingia tena na kukuta sentensi ileile, kishale palepale. Anayepanga vikao vilivyokatika vifutwe baada ya dakika tano hajawahi kungoja mtu aliyetumwa petroli. Saa mbili zingetosha, ila usimwambie.

Akipanga hizo saa mbili, umepata adui. Kikomo kingine kinawahusu waliounganishwa lakini hawagusi kitu, na hapo seva inaangalia kibodi na panya tu. Haijali kama hesabu za mwisho wa mwezi zinajipiga zenyewe wakati Mama Kontabli yuko mezani na mukeke wake. Onyo la dakika mbili litatokea kwenye skrini, halina msomaji, kisha ataondolewa. Kuondolewa huko hakuui hesabu, mradi kikomo cha vikao vilivyokatika hakijafika, na mradi fundi hakuwasha kile kipengele cha tatu kinachofunga kikao moja kwa moja muda ukiisha. Kwa hicho, mwendee kwa adabu na soda baridi.

Wapo wanaoweka jiwe juu ya kitufe cha Enter ili waonekane wako kazini. Njia hii inafanya kazi vizuri sana. Asubuhi shefu anapokea ripoti ndefu kuliko zote za mwaka, kurasa nyeupe tupu.

Fundi aliyechoka kabisa ataandika quser. Ataona majina, namba za vikao, na muda ambao kila mmoja amekaa kimya. Kisha ataandika logoff na namba yako, na kila usichohifadhi kimekwisha. Kumbuka Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: anaposema atasafisha saa mbili usiku, wewe una mpaka saa tatu.

Kwa wachache wasiopenda mambo haya: hifadhi faili, fungua menyu ya Anza, bonyeza jina lako, chagua kutoka. Ni sekunde chache tu. Asubuhi utafungua kila programu upya, moja baada ya nyingine, kwa mtandao wa Uvira.