Kishikwambi na Kitabu Namba 6

Amma mafunzo ya vishikwambi wanayopewa wahudumu wa afya wa Handeni na Korogwe, insafu yatulazimu kukiri kuwa hufana sana, hususan ile saa adhimu ya kutia saini fomu ya posho, ambayo, ajabu ya Mungu, hujazwa kwa kalamu. Muuguzi hurejea zahanatini akiwa hodari: humpima mjamzito, humwandika katika kitabu namba 6 cha MTUHA, yaani rejesta ya wajawazito ya mfumo wa taarifa za afya, humwandika tena katika kadi yake, kisha humnakili kishikwambini, na mwisho wa mwezi, mtandao ukigoma ilhali wilaya yangoja jumla, huzihesabu kurasa kwa kidole, na waliomo kwenye foleni, ambao hawakualikwa semina, hawana habari kwamba kazi imekwisha rahisishwa.