Kichwa Kiko Wapi? Muhadhara wa Bingwa

Mabibi na mabwana, na wewe muuza kahawa uliyesimama mlangoni, acha kugonganisha vikombe. Bingwa anazungumza. London sijafika na sijutii. Anayefika huko huzugwa na majengo. Kesi ya Daktari Crippen ya mwaka 1910 nimeimaliza nikiwa nimeegemea kiti hiki hiki.

Mkewe, Cora, mwimbaji aliyejulikana jukwaani kwa jina la Belle Elmore, aliwaandalia wageni chakula jioni ya Januari 31. Baada ya hapo haonekani. Mume akasema kaenda Marekani; baadaye akasema kafia huko huko na maiti imechomwa. Julai 13, Inspekta Walter Dew akawa anadukuadukua sakafu ya stoo ya makaa, nyumba namba 39 Hilldrop Crescent, kwa chuma cha kuchochea moto. Tofali likacheza. Chini yake, mabaki ya mtu yaliyotiwa chokaa. Kichwa hakuna. Mikono hakuna, miguu hakuna, hata mfupa mmoja hakuna.

Hapo sasa ndipo ninapoingia mimi. Penye ushahidi, polisi wanatosha.

Nadharia yangu ya kwanza: kichwa kilitupwa kwenye mfereji wa Regent's. Ushahidi ni ramani. Nadharia ya pili haipingani na ya kwanza, kwa kuwa zote ni zangu: Pasaka ile Crippen alivuka bahari kwenda Dieppe na kimada wake, Ethel Le Neve. Msafiri hubeba mkoba. Mkoba una nafasi. Nadhani tumeelewana.

Na ile chokaa? Kitendo cha msomi! Chokaa hula nyama ikaisha… Naam, fundi, unasemaje? Ati chokaa iliyokwisha kumwagiwa maji huhifadhi badala ya kula? Ati ndiyo maana mchunguzi wa maiti Bernard Spilsbury aliweza kuonyesha mahakamani kipande cha ngozi alichosema kina kovu, na wakemia wakakuta sumu ya hayosini? Bwana, wewe kazi yako ni kupiga lipu. Usituharibie sayansi.

Wapo pia wanaong'ang'ania lebo. Lebo! Pamoja na mabaki palikuwa na kipande cha pajama chenye jina la duka la Jones Brothers, limeandikwa kwa namna ambayo duka hilo halikuitumia kabla ya 1906, na Crippen alikuwa kahamia pale tangu 1905. Basi wapangaji wa zamani wakatoka lawamani, kwa uzi na sindano tu. Na wale wasanii wenzake Cora waliomwona Le Neve dansini kavaa bruchi ya rafiki yao, wakaenda polisi? Umbea wa wanawake. Umbea huo ulimfikisha Crippen kwenye kitanzi Novemba 23, sikatai, lakini hauna nadharia ndani yake.

Sasa wapinzani wangu wamefurahi, kwa sababu mwaka 2007 watafiti wa Michigan walipima vinasaba na kudai kwamba mabaki yale si ya Cora, na baadaye wakadai ni ya mwanamume. Wengine wamewabishia. Mimi siwabishii kabisa. Kama ni kweli, basi tuna vichwa viwili vya kutafuta, na mkoba ulikuwa mkubwa kuliko nilivyokadiria.

Muhadhara wa pili ni Ijumaa, kiingilio ni kile kile. Maswali ruksa. Fundi, wewe kaa chini.