Nyumba Inayoanzia Chooni

Watu wengi hudhani kazi ya kuchora ramani za nyumba ni kuchora. Kuchora ndiyo sehemu ya raha. Ukuta hausumbui: unavuta mstari, unaandika urefu, umemaliza. Shughuli iko kwenye kuuweka ukuta huo juu ya karatasi, kisha kuipa karatasi hiyo namba. Ukimwona mchoraji anatoka ofisini saa nne usiku, macho mekundu, usimuulize nyumba ina vyumba vingapi. Muulize ina karatasi ngapi.

Ndani ya AutoCAD nyumba huchorwa mara moja tu, kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita nne ni mita nne kweli, kama vile unajenga kwenye kiwanja kisicho na mpaka wala jirani wa kukushtaki serikali za mtaa. Karatasi iko kwingine, tupu. Juu yake unatoboa madirisha, na kila dirisha linaichungulia nyumba ile ile kwa skeli yake: hili la 1:100 linaonyesha vyumba vyote, hili la 1:20 linaonyesha ngazi peke yake, lile la 1:500 linaonyesha kiwanja na barabara. Mpango huu uliingia kwenye programu hiyo mwaka 1990, toleo la 11, na ni mzuri, sina ugomvi nao. Hamisha mlango mara moja, na umehama kwenye madirisha yote. Ugomvi wangu ni na watu wanaoingiza mkono dirishani.

Wa kwanza ni bosi wetu, ambaye ofisi nzima tunamwita Mzee. Yeye alijifunza kazi enzi za kalamu za Rotring, wakati kosa la wino lilikwanguliwa kwa wembe, na mpaka leo anaamini kompyuta ni meza ya kuchorea iliyosimamishwa wima. Mteja akija, Mzee humleta kwenye kompyuta yangu, hunisogeza pembeni na kiti changu, na kushika mausi. "Ngoja nikusogezee jiko, mama." Anabofya mara mbili katikati ya dirisha, anazungusha gurudumu, na kweli jiko linakuja. Mama analitazama, anaomba kabati liongezwe. Mzee anarudisha gurudumu nyuma mpaka nyumba ionekane kama ilivyokuwa, kwa kukadiria. Ilikuwa 1:100. Sasa ni 1:117 na ushee. Hakuna jicho la binadamu linaloona tofauti hiyo, maana nyumba bado ni nyumba, mlango uko pale pale, na mama ameondoka akitabasamu.

Dirisha hufungwa, ndiyo. Kuna kikufuli kidogo chini ya skrini. Ukikibofya, mtu azungushe gurudumu atakavyo, kinachosogea ni karatasi nzima na skeli inabaki kama ulivyoiacha. Huwa nayafunga yote kabla ya kwenda kula. Kwa bahati mbaya Mzee naye amekigundua kikufuli. "Nani kaifunga hii? Ndiyo maana mashine inakuwa nzito!"

Tofauti ile ya 1:117 huja kuonwa na mtu mmoja tu duniani, fundi. Kila karatasi yetu ina onyo la kutopima mchoro kwa rula na kufuata vipimo vilivyoandikwa. Limewekwa chini kabisa kwa herufi ndogo, yaani pale pale fundi anapoweka kidole gumba. Siku moja ikaingia simu kutoka saiti, Goba.

"Injinia, hiki chumba cha kulala ni mita tatu na sentimita arobaini na mbili."

Mimi si injinia, lakini kwa mafundi wetu yeyote anayetoka ofisini na karatasi ni injinia. Nikamwambia ni mita nne, atazame, imeandikwa 4000.

"Naiona imeandikwa. Lakini rula inakataa."

"Fundi, achana na rula, fuata maandishi."

"Injinia, maandishi yanaandikwa na mtu. Rula imetoka kiwandani."

Mtu utamjibu nini hapo? Ukianza kumweleza kwamba namba hupimwa kwenye nyumba yenyewe ndani ya kompyuta, kwa hiyo haidanganyi hata dirisha likipungua, atakuuliza swali la haki kabisa: kama nyumba ndani ya kompyuta ni mita nne, kwa nini mmeniletea hii? Msingi ulikuwa tayari umekwisha chorwa kwa chokaa, na vyumba vyote vimepungua kwa adabu ile ile. Mama wa kabati alipokwenda kukagua, alisema tu nyumba ameiona imekaa kama ya mdogo wake.

Nisiongeze habari za steshenari, ambako karatasi ya A1 hupigwa kopi kwenye A3 kwa sababu ni rahisi kubeba kwenye bodaboda. A3 ni nusu ya A1 kila upande, kwa hiyo 1:100 inakuwa 1:200 huku kona ya karatasi ikiendelea kuapa kuwa ni 1:100. Fundi wa rula akiipata hiyo, mtajenga banda la kuku.

Dirisha lenyewe lina fremu, mstari wa mraba unaolizunguka. Mchoraji mwenye akili huiweka fremu hiyo kwenye leya, yaani tabaka la mchoro, isiyochapishwa. Kijana wa fildi, aliyekuja kwetu kujifunza kazi, aliziacha zote zichapwe. Mteja akaiangalia ramani ya kiwanja chake kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kwa nini fensi yake imepita katikati ya barabara ya lami, na je, barabara tumeshamlipia?

Kijana huyo huyo ndiye aliyeongeza leya ya samani. Leya mpya, isipozuiwa, huonekana kwenye kila dirisha lililopo, bila ubaguzi. Ramani ya vyumba ikapendeza. Ramani ya msingi nayo ikapata makochi, meza ya chakula na kitanda cha sita kwa sita, vyote vimelala juu ya nondo. Injinia wa kweli, yule wa kukokotoa uzito, alitupigia simu kuuliza kochi la watu watatu linabeba nguzo ipi.

Basi, hayo ni madirisha. Namba ndizo zinazoua.

Mzee huandika "karatasi ya 4 kati ya 12", na ni mwandiko mzuri. Halafu inatakiwa karatasi ya paa, iingie baada ya ya 4. Sasa zote 12 ni waongo, maana ziko 13. Mzee hawezi kukubali hivyo, kwa hiyo ya paa inakuwa 4A. Anakuja mteja na wazo la varanda, 4B inazaliwa. Anaahirisha paa lile, 4A inaondolewa, na 4B inabaki yatima. Afisa wa kibali anaitafuta 4A kwa dakika kumi nzima akiamini tunamficha kitu. Tena kwenye ramani kuna maduara ya mikato, yaliyogawanywa katikati: juu namba ya mkato, chini namba ya karatasi ulipo. Namba za karatasi zikihama, maduara hayana habari. Duara la ngazi linakutuma karatasi ya 7, unafika unakuta jedwali la milango.

Dawa ya haya ipo tangu AutoCAD 2005: unaandika namba ya karatasi mahali pamoja, maduara yanaifuata yenyewe. Nilimwonyesha Mzee. Akavua miwani. "Yaani mimi nisaini karatasi ambayo namba yake inaweza kujibadilisha nikishaondoka? Nitakuwa nimesaini nini?" Kuna hoja pale, sikatai. Karani yeyote wa ardhi angemuunga mkono.

Kilichomlainisha ni safari ya kijana wa fildi. Alihifadhi kila karatasi kama faili lake, akayapa majina 1 hadi 12, akayapeleka steshenari kwenye flashi ili yaunganishwe. Programu ya pale ilipanga namba kama inavyopangwa orodha ya majina, kwa herufi ya kwanza: 1, 10, 11, 12, ndipo 2. Karatasi ya 1 ni kiwanja. Ya 10 ni chemba na shimo la choo. Kitabu kikapigwa spairo kikiwa hivyo, kikapelekwa kwenye kibali. Afisa akafunua ukurasa wa pili, akautazama, akafunua tena, akarudi.

"Kijana, hii nyumba yenu inaanzia chooni?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni selfu."

Baada ya hapo Mzee alikubali tufuate mtindo wa Wamarekani. Unaanza na herufi, A ya usanifu, S ya nondo na nguzo, E ya umeme. Kisha tarakimu ya kwanza inasema aina ya mchoro, 1 kwa ramani za vyumba, 2 kwa sura za nje, 3 kwa mikato. Ikiongezeka ramani ya paa inaingia kwenye mia yake, nyingine haziguswi. Kompyuta haichanganyi, fundi anauzoea kwa wiki moja. Ni mpango bora kuliko wote niliowahi kuona, na mteja wa kwanza kuupokea alikuwa mzee mmoja wa Mbezi, muuza vipuri, mtu aliyezoea kuhesabu mzigo kabla ya kusaini.

Alizipanga karatasi mezani, akalowesha kidole, akahesabu. Akasimama kwenye A-104. Akatazama inayofuata, A-201. Akatoa simu, akafungua kikokotoo.

"Hapa katikati zimepungua karatasi 96."

Mzee akamweleza taratibu kwamba hazikupungua. Ni nafasi, zimeachwa makusudi kwa ajili ya nyongeza.

"Sawa, nimekuelewa, ni nafasi," yule mteja akasema, bila kufunga kikokotoo. "Kwenye ile bei tuliyopatana, nafasi umezipiga shilingi ngapi?"